Mbio Zilizoitwa Makusudi

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, kibanda changu kiko jirani na soko la Mbuyuni. Kwa miaka 11 niliishi na kitu nilichokiita mbio, kwa sababu sikuwa na jina jingine la kukiita. Nikiinama kuokota kitambaa, au nikigeuka kuchukua pini, moyo unajikwaa mara moja, halafu unaondoka. Haupandi kasi kidogo kidogo kama wa mtu aliyekimbilia daladala. Unaondoka papo hapo, kama cherehani ya umeme iliyokanyagwa mpaka chini. Shingo inapigapiga, macho yanaingia giza, mikono inalegea. Dakika tano, pengine ishirini, na siku moja ya Kwaresima saa nzima. Kisha unatulia ghafla vilevile ulivyoanza, nami nabaki nimelowa jasho, nimechoka kama niliyeshinda shambani, na haja ndogo imenibana.

Hiyo ya haja ndogo nilikuwa naona aibu kuisema. Baadaye daktari ndiye aliyeniuliza mwenyewe, nikashangaa amejuaje. Akanieleza kwamba moyo ukikimbia hivyo vyumba vyake vya juu vinavutika, vinatoa homoni inayoziambia figo zimwage maji. Kwa hiyo hata lile nililolificha lilikuwa ushahidi.

Shida ya ugonjwa huu ni kwamba hausubiri. Kila nilipofika kwa daktari, mbio zimekwisha. Nakaa kwenye benchi nikiwa mzima kabisa, naanza kusimulia, na kadiri ninavyosimulia ndivyo ninavyojisikia mwongo. Katika kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, walinipima ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi, nikiwa nimetulia. Mhudumu akaitazama karatasi, akaikunja, akasema, "Dada, moyo wako mzima. Una mawazo tu. Umeolewa?" Nilitoka na vidonge vya kutuliza wasiwasi. Mahali pengine nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Mama mdogo alinipeleka kwenye maombi, naye simlaumu hata kidogo, alifunga siku tatu kwa ajili yangu. Lakini lile swali la kuolewa lilinikaa moyoni miaka. Karatasi safi ya mtu aliyetulia inasema tu kwamba wakati ule alikuwa ametulia. Sijui kwa nini ilitumika kunyamazisha kila nilichokuwa naeleza.

Aliyenifungua macho ni mteja wangu, muuguzi. Siku hiyo alikuja kuchukua sketi, akanikuta nimeshika meza, natetemeka baada ya mbio kuisha. Akaniuliza maswali mawili tu: zinaanza taratibu au ghafla? Zinaisha taratibu au ghafla? Nikasema ghafla, zote mbili. Akaniambia neno nililolishika kama ahadi: "Mbio zikianza, usikae kusubiri ziishe. Nenda zikiwa bado zinakimbia, wazichore."

Zilikuja Desemba, wiki ile ambayo Wachaga kutoka kila pembe wanarudi nyumbani na kila mmoja anataka nguo yake kabla ya mkesha wa Krismasi. Nilikuwa nampima mteja kiuno, futi mikononi, moyo ukaondoka. Nilimwacha na futi yake kiunoni. Jirani yangu wa duka la vifungo akanishika mkono, tukaingia kwenye bajaji, tukaelekea hospitali ya KCMC. Njiani nilikuwa naomba kitu ambacho sikuwahi kukiomba maishani: zisiishe.

Hazikuisha. Dirishani sikuanza na historia. Nilisema, "Moyo unakimbia sasa hivi, naomba nipimwe ECG sasa hivi." Wakanilaza, wakanibandika vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, karatasi ikaanza kutoka, na muuguzi akaandika saa pembeni kwa kalamu ya bluu: 5:12 asubuhi. Nilimwangalia akiandika. Ni kitu kidogo, lakini kilikuwa kitu cha kwanza katika miaka yote hiyo kilichoonyesha kwamba mbio zangu zilitokea mahali fulani, saa fulani, na mtu mwingine aliziona.

Kwanza wakanipa bomba la sindano la mililita 10, tupu, wakaniambia nilipulize kwa nguvu kwa sekunde 15 kama nataka kusukuma kijiti cha ndani, kisha wakanilaza chali haraka na kuniinua miguu. Ujanja huu ulijaribiwa Uingereza na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015: kati ya kila wagonjwa 100, moyo ulirudi kwenye mwendo wa kawaida kwa 43, huku wale waliopuliza tu bila kulazwa na kuinuliwa miguu wakiwa 17. Mimi sikuwa kati ya wale 43, wangu haukurudi. Ikabidi nichomwe dawa inayoitwa adenosini. Inasukumwa haraka kwenye mshipa mkubwa wa mkono na kufuatishiwa maji ya dripu, kwa kuwa mwili unaimaliza ndani ya sekunde chache. Waliniambia mapema, "Utajisikia vibaya sana, ila muda mfupi, itapita." Nawashukuru kwa kuniambia. Kifua kilibanwa, uso ukawaka moto, na moyo ukanyamaza. Ulinyamaza kweli, mashine ikachora mstari mtupu. Kisha ukapiga. Kisha ukapiga tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Nilirudi nyumbani na nakala ya karatasi ile. Daktari kijana alikuwa amenionyesha kwamba inatembea milimita 25 kwa sekunde. Usiku nilichukua futi nikapima, kazi yangu ni kupima. Kutoka ncha hadi ncha, kwenye mbio, milimita 8. Kwenye ile iliyochorwa baada ya sindano, milimita 15. Nikapiga hesabu kwenye daftari la wateja: milimita 8 ni mapigo kama 188 kwa dakika, milimita 15 ni mapigo 100. Niliilia karatasi ile. Mtu yeyote mwenye moyo unaokimbia kama wangu namwambia aidai nakala yake na aitunze kama cheti cha kuzaliwa. Ukizimia au ukisikia maumivu ya kifua, hapo si suala la karatasi tena, kimbizwa hospitali mara moja.

Daktari bingwa aliiweka karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu, halafu akanichorea moyo nyuma ya bahasha. Moyo una umeme wake, akasema. Unaanzia juu upande wa kulia, unasambaa kwenye vyumba vya juu, unafika kwenye lango lililo katikati. Hapo unacheleweshwa kidogo ili vyumba vya juu vimalize kumwaga damu, ndipo unateremka vyumba vya chini. Kati ya juu na chini kuna pete ngumu isiyopitisha umeme, kwa hiyo njia ni hiyo moja, ya langoni. Lakini kwa watu wengine, tangu tumboni mwa mama, unabaki uzi mwembamba wa msuli unaoivuka ile pete. Umeme unateremka langoni, unapanda kwa uzi, unateremka tena langoni, unazunguka bila kupumzika.

Nikamuuliza mbona ECG zangu za siku za kawaida zilikuwa safi. Akasema kuna nyuzi zinazopitisha umeme pande zote mbili, hizo huacha alama kwenye karatasi hata mtu akiwa ametulia. Wangu unapitisha kutoka chini kwenda juu tu. Siku za kawaida unalala kimya na hauachi alama yoyote. Nilikaa pale kwenye kiti nikimfikiria yule mhudumu aliyeikunja karatasi. Hakuwa amesoma vibaya. Alikosea kwa kile alichoniambia baada ya kuisoma.

"Uko wapi huo uzi?" nikauliza.

"Karatasi inakisia tu," akasema. "Nahisi ni kushoto. Kuujua hasa, lazima tuingie ndani kwa katheta, mirija myembamba inayopitia mshipa wa paja, tukasikilize."

Nikapewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Bima ikabeba sehemu, kikoba chetu cha mafundi kikabeba sehemu, na cherehani moja niliiuza. Kilichonitisha kuliko gharama ni agizo moja: niache vidonge vya kupunguza kasi ya moyo siku tano kabla. Nilidhani wamekosea. Nikapiga simu kuuliza. Sauti ikanijibu kwa upole, "Mama, tukikukuta na dawa mwilini, mbio hazitatoka. Zisipotoka, hatuzioni." Miaka 11 nilikuwa nazikimbia. Nililala kwa ubavu ambao haukuwa unazianzisha, niliinama kwa magoti badala ya kiuno, niliacha kahawa, nami ni mtoto wa Kibosho, kwenye mashamba ya kahawa. Sasa watu walitaka kuziita.

Basi la Dar ni safari ya kutwa. Kati ya Same na Mombo, mlima umeshabaki nyuma, nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikakaribia kuisha. Nilisoma kwamba mwaka 1929 daktari kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, aliingiza mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe, akatembea nao hadi chumba cha eksirei kuhakikisha umefika moyoni. Mwaka 1956 akapewa Tuzo ya Nobel. Nilisoma juu ya Dirk Durrer na wenzake wa Amsterdam, ambao mwaka 1967 walionyesha kwamba pigo moja la umeme lililopangiwa muda wake linaweza kuziwasha mbio, na jingine likazizima. Na nilisoma juu ya mvuvi mmoja wa North Carolina huko Marekani, ambaye mwaka 1968 alipasuliwa kifua, madaktari wakagusa moyo wake kwa nje, hatua kwa hatua, kuutafuta uzi kama wangu, kisha daktari Will Sealy akaukata. Nilimfikiria sana mvuvi yule. Kwake hapakuwa na njia ya kupitia pajani.

Walinieleza hatari bila kuzipaka asali: moyo unaweza kutobolewa damu ikajaa kuuzunguka, donge la damu linaweza kwenda kwenye ubongo. Ni nadra, lakini yapo. Nikasaini.

Chumba kilikuwa baridi kama alfajiri ya Julai Kibosho. Waliniweka ganzi kwenye kinena cha kulia na dawa kidogo ya kusinzia, ila sikulala. Katheta zilikuwa na unene wa kama milimita mbili, chelewa moja ya ufagio. Zilipanda kwenye mshipa mkubwa wa paja hadi moyoni, wala huzisikii zikitembea. Moja ikakaa chumba cha juu, moja langoni, moja chumba cha chini, na ya nne ikaingia kwenye mshipa unaozunguka nyuma ya moyo kuelekea kushoto, ukifuata mpaka wa vyumba vya juu na vya chini. Hiyo ilikuwa na vituo kumi vya kusikilizia, vimepangwa kwa mstari.

"Tunaanza kuuchokoza," daktari akasema.

Wanauamuru moyo upige, na hapo ndipo unapousikia. Mapigo manane ya mwendo sawa, kisha moja la kuwahi. Kimya. Manane, kisha moja la kuwahi zaidi kidogo, milisekunde 10 tu. Kimya. Manane, na moja la kuwahi zaidi. Nilikuwa nahesabu kama nahesabu marinda. Katika mzunguko ambao siukumbuki ni wa ngapi, moyo ukajikwaa ule mkwao ninaoujua, ukaondoka.

"Zimekuja," nikasema.

"Tunaziona, dada," sauti ikajibu kutoka nyuma ya kioo. "Usiogope. Ziache zikimbie kidogo."

Machozi yalinitoka pembeni yakaingia masikioni, na sikuweza kuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa imefungwa. Hayakuwa ya hofu.

Mistari kwenye skrini ilikuwa inapita haraka, lakini daktari aliisimamisha picha moja, na kwa kuwa nilikuwa nimegeuza shingo niliiona. Nikaelewa kabla hajasema, kwa sababu ya babu yangu.

Babu alikuwa msimamizi wa mfongo wetu Kibosho, ule mfereji unaotoa maji mtoni, unayajaza nduwani, bwawa lake dogo, kisha unayagawa kihamba kwa kihamba, yaani shamba la ukoo mmoja baada ya jingine, kwa zamu. Mwaka mmoja maji yalianza kuchelewa kwa watu wa katikati, na ugomvi ukawa mkubwa, kila mmoja akimshuku mwenzake kwamba anayaiba usiku. Babu hakumhukumu mtu. Alituchukua watoto kumi, akatupanga kando ya mfongo kutoka juu hadi chini, akasema kila mmoja aite jina lake maji yakimfikia miguuni. Akaenda juu, akaifungua nduwa, akakaa kwenye jiwe akisikiliza. Binamu yangu, aliyepangwa mwisho kabisa kule chini kushoto, aliita kabla ya wale wa katikati. Babu hakuuliza kitu. Alichukua jembe akaenda moja kwa moja alikosimama yule mtoto, akakuta shimo la fuko limetoboa ukingo wa juu na kutokea pale.

Ndivyo katheta zinavyofanya. Hazipigi picha ya uzi, uzi wenyewe ni mwembamba mno. Zinasimama mahali tofauti na kila moja inasema umeme umenifikia saa ngapi. Kama umeme ungekuwa unarudi juu kwa kupitia langoni, vituo vya katikati ndivyo vingeita kwanza na vya kushoto vingefuata. Kwenye picha yangu kituo cha ncha kabisa, cha kushoto, kiliita kwanza, na cha langoni kikaja nyuma yake kwa makumi ya milisekunde. Kulia kwangu skrini nyingine ilikuwa na moyo uliochorwa kwa rangi, ukigeuzwa huku na huku. Nilidhani nyekundu ni mahali palipougua. Kumbe rangi zile ni saa: nyekundu ni pale umeme ulipowahi kufika, kisha njano, kijani, bluu, na zambarau ni pale ulipofika mwisho. Doa jekundu lilikuwa dogo kama kifungo cha shati.

Kulifikia walipenya ukuta mwembamba unaotenganisha vyumba viwili vya juu, wakasogeza ncha ya katheta polepole, wakitafuta mahali ambapo sauti ya chumba cha chini na ya chumba cha juu karibu zinagusana. Walichukua muda mrefu hapo. Walisogea nusu milimita, wakasikiliza, wakasogea tena. Sijawahi kuona watu wazima watano wakiwa kimya namna ile. Kisha mmoja akasema, "Washa." Ni joto linalotokana na mawimbi ya redio, linalopandisha nyama ya mahali pale zaidi ya nyuzijoto 50 za Selsiasi hadi igeuke kovu, na kovu halipitishi umeme. Nilisikia uzito wa moto chini ya titi la kushoto, ukapanda begani. Nikauma meno. Sekunde ya nne mtu akasema, "Umekatika." Hawakuzima. Walifika dakika nzima.

Halafu wakasubiri nusu saa, kwa kuwa uzi uliochomwa nusu hujirudia. Wakanipa dawa ya kuharakisha moyo, wakaanza tena kuziita. Manane, na moja la kuwahi. Kimya. Manane, na moja la kuwahi zaidi. Kimya. Nilikuwa nimekaza mwili wote nikizingojea. Waliita mpaka mahali ambapo moyo wenyewe haukuweza kuitika tena, na hazikuja.

Wodini nililala chali saa sita bila kukunja mguu. Kitanda cha jirani kulikuwa na mzee wa Singida mwenye mapigo yasiyo na mpangilio kabisa. Yake ni kazi nyingine: huko Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake walionyesha kwamba cheche za ugonjwa ule mara nyingi hutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, na huko ndiko wanakochoma. Walimwambia wazi kwamba huenda akarudi mara ya pili. Aliniuliza, "Binti, kuliuma?" Nikamwambia ukweli, kidogo, mwishoni. Akasema afadhali kujua.

Nimerudi kwenye kibanda changu. Yule muuguzi nilimshonea gauni la kitenge, akataka kulipa, nikakataa katakata. Kahawa nakunywa. Kile kituo cha afya sikukirudia, ila wateja wawili walioniambia mioyo yao inaondoka ghafla na kutulia ghafla nimewaambia neno lile lile la muuguzi, na mmoja tayari ana karatasi yake.

Moyo wangu bado unajikwaa, mara moja moja, nikiinama kuokota kitambaa. Walinionya kwamba pigo lile la kuwahi litaendelea, halikuwa ugonjwa, lilikuwa linafungua mlango tu. Bado nashika meza likitokea. Nasubiri, mguu juu ya kanyagio la cherehani, nahesabu moja, mbili, tatu, kisha namalizia pindo.